Mama ana faili nne, na kila hospitali inaanza upya

SWALI: Habari yako, mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Kayole. Mama yangu ana kisukari na presha. Mwaka huu amepitia pahali panne: zahanati ya karibu na nyumbani, hospitali ya kaunti, maabara ya kibinafsi mjini, kisha hospitali ya rufaa. Kote kuna kompyuta, na kote ameandikishwa upya: jina, kitambulisho, simu, dawa anazotumia. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu amefanyiwa mara tatu ndani ya wiki tano kwa sababu hakuna daktari aliyeweza kuona matokeo ya mwenzake, na kila mara tumelipa. Mimi ndiye ninayebeba bahasha. Kwa nini kompyuta hizi haziongei? Na je, serikali haiwezi kuweka mfumo mmoja wa nchi nzima tuachane na shida hii?

JIBU: Dada yangu, pole kwa mama, na pole kwako unayezunguka na bahasha. Kazi yangu hapa Nairobi ni kuunganisha mifumo ya hospitali, na nimeifanya kwa miaka 18. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu sehemu ya pili ya swali lako, ile ya mfumo mmoja wa nchi nzima, naisikia kila mara, hata kutoka kwa watu wenye uwezo wa kuagiza ujengwe. Naamini ni njia mbaya, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na bahasha yako. Kontena la kwenda Uganda likitoka Mombasa kwa SGR, likifika Naivasha haliendelei na treni ileile. Linanyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa kwenye behewa jingine. Reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, na ile ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina milimita 1,000. Reli zote mbili ni nzima na treni zote zinavuta, ila gurudumu la huku haliwezi kukanyaga kule. Zile hospitali zako nne ni reli nne za upana tofauti. Wewe ndiye kreni.

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri kwa jambo hili. Wanasema mifumo isomane. Nalipenda kuliko "kuunganishwa", kwa sababu ukisema kuunganisha watu wanafikiria waya, na waya upo tayari. Hospitali zote nne zina intaneti. Kusomana ni pale ninapoandika kitu leo, wewe ukakisoma kesho nikiwa sipo, na ukakielewa vilevile nilivyokikusudia.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na kipimo cha mama kinauonyesha vizuri. Sukari ya miezi mitatu huandikwa kwa asilimia katika maabara nyingi, lakini kuna mashine na maabara zinazoiandika kwa milimoli kwa moli. Asilimia 7 ya kwanza ni sawa na 53 ya pili. Ni mgonjwa yuleyule, damu ileile, hali ileile. Sasa ongeza sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hiyo nayo huandikwa kwa vipimo viwili, milimoli kwa lita au miligramu kwa desilita, na 7 ya kwanza ni 126 ya pili. Kwa hiyo mfumo ukipokea tarakimu 7 peke yake, bila kizio chake (asilimia, milimoli au miligramu) na bila jina la kipimo, inaweza kuwa sukari ya asubuhi au wastani wa miezi mitatu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Muuguzi mwenye uzoefu akiona nambari isiyokaa vizuri atasita na kuuliza. Kompyuta haisiti. Itaichora kwenye grafu na kuendelea.

Majina nayo ni vilevile. Maabara moja inakiita kipimo hicho kwa jina refu, nyingine kwa herufi za mkato, ya tatu kwa nambari yake ya ndani inayojulikana na mtu mmoja aliyeiweka na ambaye huenda amehama kazi. Tiba yake ipo tangu zamani. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief, huko Indiana nchini Marekani, imekuwa ikitunza orodha ya wazi iitwayo LOINC, ambayo hukipa kila kipimo cha maabara namba yake moja inayotambulika duniani. Kuna pia mapatano ya jinsi ya kupanga na kusafirisha taarifa zenyewe, yaitwayo FHIR, ambayo mtengenezaji yeyote wa programu anaweza kuyasoma na kuyafuata bila kulipa. Wala usidhani haya ni mambo ya mbali nasi. Taasisi hiyohiyo, pamoja na shirika la afya la Partners In Health, ilianza mwaka 2004 kubuni mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, na Eldoret ilikuwa kati ya pahali pa kwanza kuutumia, mwaka 2006. KenyaEMR, unaotumika katika kliniki nyingi za VVU nchini, umejengwa juu yake. Vijana wetu wanaijua kazi hii.

Kisha kuna mama mwenyewe: kompyuta itajuaje kuwa huyu ni yeye? Kwenye kitambulisho ana majina matatu. Zahanati wameandika mawili. Maabara wameanza na jina la ukoo. Nambari ya simu waliyopewa hospitali ya kaunti huenda ni yako, ya rufaa ni ya kaka yako. Nimekaa usiku mwingi nikilinganisha orodha za namna hii, na ni kazi ya kuogopesha, kwa sababu kuna makosa mawili na hayalingani uzito. Mfumo ukimgawa mtu mmoja kuwa wawili, atapimwa tena na kulipa tena, kama mama. Ukiwaunganisha watu wawili kuwa mmoja, yule mwenye mzio wa penisilini anaweza kudungwa penisilini. Ndiyo maana ninapinga haraka katika hatua hii, hata waziri akisimama mlangoni.

Lakini usidhani haiwezekani. Katika hospitali hizohizo kuna kitu kinachosomana kila siku bila mtu kukishangilia, nacho ni picha za eksirei na skani. Mashine iliyotengenezwa Ujerumani hutoa picha, na programu iliyoandikwa India ikaifungua ikiwa na jina la mgonjwa, tarehe, na vipimo vya mfupa. Sababu ni kwamba madaktari wa picha na watengenezaji wa mashine wa Marekani walikaa pamoja wakatoa kiwango chao cha kwanza mwaka 1985, na mwaka 1993 kikapata jina linalotumika mpaka leo, DICOM. Madaktari walichoka kufungwa na kampuni moja, wakasisitiza, na kampuni zikaona soko lote litakuwa kubwa zaidi.

Basi kwa nini maabara na faili hazijafika hapo? Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na hospitali moja ya hapa jijini. Walikuwa na mashine nzuri ya maabara na mfumo mzuri wa wagonjwa, na kati ya hivyo viwili aliketi mtaalamu wa maabara, akisoma tarakimu kwenye skrini ya kushoto na kuziandika kwenye skrini ya kulia. Siku nzima. Alikuwa mwangalifu sana, lakini jioni moja aliandika potasiamu 5.4 badala ya 4.5, na mgonjwa aliyekuwa karibu kuruhusiwa kwenda nyumbani akarudishwa kitandani kutolewa damu tena. Nilipoiomba kampuni iliyouza mfumo itufungulie mlango wa kupokea matokeo moja kwa moja, ilidai malipo yaliyokaribia bei ya mfumo wenyewe. Tukafungua mkataba. Hakuna mstari hata mmoja uliosema data ni ya nani, itoke kwa muundo gani, wala kampuni ilazimike kuitoa. Tenda ilikuwa imetaja idadi ya kompyuta, ukubwa wa seva na rangi ya nembo. Hapo hakukuwa na shida ya kiufundi. Kulikuwa na watu walionunua nyumba bila kuuliza kama mlango una ufunguo.

Nchi hii imeshaona jambo hili katika pesa. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kwa miaka mingi, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, pesa haikuingia kwenye simu yake. Alipata ujumbe wenye nambari, akaanza kumtafuta wakala wa mtandao wako ili aitoe. Mwaka 2011 tukaruhusiwa kuhamisha nambari ya simu kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini pochi ya pesa haikuhama nayo, na wengi wakaona hakuna faida ya kuhama. Ilikuwa Aprili 2018 ndipo pesa zilipoanza kuvuka kutoka pochi hadi pochi kati ya mitandao, na malipo ya wafanyabiashara yakafuata kuanzia 2022. Tanzania walitutangulia, kampuni zao zilianza kuvushiana pesa mwaka 2014. Mitambo ilikuwa na uwezo huo zamani. Kilichochelewa ni watu kukaa mezani wakakubaliana nani atamlipa nani, kwa kiasi gani, na mteja akiibiwa katikati atalalamika kwa nani.

Na pale kila mmoja alipokuja na kitu chake, unakumbuka kadi za matatu. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote zilipwe bila pesa taslimu, na kampuni kadhaa zikatoa kila moja kadi yake na kisomaji chake. Kulikuwa na sababu nyingine za kuanguka kwake, makanga alihitaji pesa mkononi ya mafuta na ya matumizi ya barabarani, lakini abiria anayepanda magari ya kampuni mbili kwenda kazini hakuona maana ya kujaza pesa kwenye kadi mbili. Leo analipa kwa simu, kwa kuwa simu ni ileile katika kila gari.

Sasa nije kwa mfumo mmoja wa nchi nzima. Naelewa hamu yake. Ukishabeba bahasha mara nne, unatamani kabati moja. Lakini kumbuka Julai 2023. Mwezi mmoja tu baada ya huduma zaidi ya 5,000 kuzinduliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mtandao huo ulishambuliwa, huduma zikatatizika kwa siku kadhaa, na wageni ikabidi wapewe viza wakifika uwanja wa ndege. Sisemi eCitizen ni mbaya. Mimi mwenyewe naitumia na imeniokoa foleni nyingi. Nasema mlango mmoja ukikwama, wote walio ndani na nje wamekwama. Kwa pasipoti unaweza kusubiri siku tatu. Kwa mtu aliye kwenye meza ya upasuaji huwezi.

Tena kabati moja lina mwenye ufunguo, na lazima tumjue. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utoaji wa kadi za Huduma, zile za kitambulisho kipya, ulikwenda kinyume na sheria, kwa kuwa haikufanywa kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Wako wenzangu waliouona uamuzi huo kama kikwazo cha maendeleo. Mimi niliuona kama mahakama ikiuliza swali ambalo sisi mafundi tulipaswa kuuliza kabla: mtu akifungua faili ya mama yako leo usiku, nani atajua?

Estonia, nchi ndogo yenye watu kama milioni 1.3, walichagua njia nyingine mwaka 2001. Hawakuyarundika mafaili yote pahali pamoja. Kila ofisi ilibaki na kitabu chake na jukumu la kukitunza, wakajenga njia ya pamoja, X-Road, ambayo ofisi moja huitumia kuiuliza nyingine swali mahususi kwa ruhusa mahususi. Hospitali ikiuliza, inapata jibu la ilichouliza tu. Kila swali linaacha alama, na mwananchi anaweza kuona nani ameangalia taarifa zake za afya. Ofisi moja ikianguka, zingine zinaendelea. Hii ndiyo njia ninayoitaka kwetu, na inaendana na Katiba yetu, ibara ya 31, inayotulinda dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa bila sababu taarifa za familia na mambo yetu binafsi. Mama kuulizwa mambo yaleyale pahali panne, kwangu, ni kudaiwa bila sababu.

Hata hivyo, kusomana pekee hakutoshi, na hili nililijifunza jikoni. Mitungi ya gesi ya kampuni mbalimbali ilikuwa na vali tofauti. Ukihama kampuni unanunua upya. Kanuni za mwaka 2009 zikaleta vali ya aina moja na kuzilazimisha kampuni kupokea mitungi ya wenzao. Kwetu tulifurahi, maana duka lililo karibu likawa duka letu. Lakini mtungi uliozunguka kwa kila mtu ulikosa wa kuukagua. Wajazaji wasio na leseni wakaingia katikati, na kampuni zikaona hasara kununua mitungi ambayo ingejazwa na wengine. Kanuni za 2019 zikaondoa ule ulazima, zikaacha kampuni zibadilishane kwa makubaliano kati yao. Vali moja ilikuwa wazo sahihi kabisa. Kilichokosekana ni jibu la nani anawajibika mtungi ukiwa mikononi mwa mwingine, na matokeo ya maabara yanayovuka hospitali yanahitaji jibu lilelile: nani aliyapima, nani aliyathibitisha, na yakiwa na kosa nani anawajulisha wote walioyapokea.

Kwa upande wa sheria tuna pa kushika. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeanzisha wakala wa kusimamia kazi hii na inataka taarifa za afya ziweze kubadilishana kati ya vituo. Bima ya jamii, SHA, iliyoanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, imezifanya hospitali ziingie kwenye mtandao wa pamoja angalau kwa madai ya malipo. Ningependa tuanze na vitu vitatu tu kwa kila mgonjwa: dawa anazotumia, mizio yake, na matokeo ya maabara ya mwaka mmoja. Mambo mengine yangoje. Miradi mingi niliyoiona ikifa ilikufa kwa kutaka kusafirisha faili nzima siku ya kwanza.

Wewe huwezi kungoja hilo, kwa hiyo haya ndiyo ya kufanya sasa. Kila mama anapopimwa, ombeni karatasi iliyochapishwa yenye jina la kipimo, tarakimu pamoja na kizio chake, tarehe na jina la maabara. Msikubali ujumbe wa simu unaosema sukari iko sawa. Picha za skani ziombeni kwenye CD au flashi, mafaili yenyewe, kwa sababu filamu iliyopigwa picha kwa simu haina vipimo ndani yake. Kote aandikwe majina yote matatu kwa mpangilio wa kitambulisho, na nambari moja ya simu isiyobadilika. Na andikeni barua kwa kila moja ya hospitali hizo mkiomba rekodi zake. Sheria ya Ulinzi wa Data, kifungu cha 26, inampa haki ya kuona taarifa zake, na cha 38 haki ya kuzipata kwa muundo unaosomeka na kompyuta nyingine, ndani ya siku 30, kwa gharama isiyozidi kiasi. Wakikataa, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya namna hiyo. Hospitali nyingi hazijawahi kupokea barua kama hiyo, na ikifika ya kumi wataanza kuwauliza wauzaji wao maswali niliyotamani waulize kabla ya kusaini. Pia kaunti ikiita wananchi kwa mjadala wa bajeti, nenda uulize jambo moja: mkataba wa mfumo wa hospitali yetu ukiisha, rekodi zetu zinatoka vipi, na nani analipia?

Na kuhusu kipimo chenyewe. Kinaonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kwa hiyo ndani ya wiki tano huwa hakina jipya kubwa la kueleza, isipokuwa daktari ana sababu maalumu, kwa mfano akishuku kosa la maabara au mama akiwa amepoteza au kuongezewa damu. Kliniki ijayo, kabla hajakunja mkono wa nguo kutolewa damu, mpe daktari karatasi ya mwisho na kidole chako kikiwa juu ya tarehe, umwulize kama anahitaji nyingine.